Kome Mzee na Kitanda Chako

Mdogo wangu,

Huku tuko salama, ukimwacha mama, ambaye nitamfikia. Paa la jikoni limezibwa, na paka wako bado mwizi.

Mimi bado nalinda kome wa mtoni. Wamebaki wachache, na sheria ni kali: ukiokota hata mmoja, jela inakuhusu. Nimepewa buti na filimbi. Kichekesho ni kwamba wote waliobaki ni wazee. Kome jike hutoa kinyama kinachofanana na kisamaki, akakitikisa majini. Samaki akija kukidonoa, kome humrushia watoto wake, wakanasa kwenye mashavu yake hadi wakomae. Bila samaki huyo hakuna mtoto anayepona, na tangu ukuta wa bwawa ujengwe, samaki hawapandi tena huku. Nilimuuliza bosi sheria inasemaje kuhusu samaki. Akanijibu, "Samaki hawamo." Basi nakaa ukingoni na filimbi yangu, namtazama bibi kome mmoja akitikisa kinyama chake, na hakuna anayekuja.

Mama naye, tangu uondoke, kila jioni alikuwa akikutandikia kitanda. Nikimwambia hujasema unakuja, ananijibu, "Kwani akija alale wapi?"

Jana nilipotoka kazini nilikuta godoro lako tupu. Mama alikuwa anakunja shuka zako taratibu, akazifungia sandukuni, kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Sikuiti. Nimeona tu ujue.

Dada yako, mlinzi