Salamu Niliyomwandikia Mzee wa Bisil

Kitengela, Jumanne

Na wala haikuniuliza! Leo nimemwandikia baba wa mchumba wangu Lemayian barua pepe ya kwanza. Mzee ni mwalimu mstaafu huko Bisil. Nikaanza na salamu ya Kimaasai, "Sopa, Papa," nikijua atafurahi kuona msichana wa Kikuyu akijaribu.

Niliiandika kwa ile programu ya ofisi, kwa sababu huwa inanirekebishia Kiingereza. Niliiamini kama dada. Leo imenisaliti: bila kuniuliza, ilifuta "Sopa" ikaweka "Soap". Sabuni! Nami nikatuma bila kusoma tena.

Lemayian amecheka mpaka akakaa chini. Mimi niko na aibu tu. Jumamosi nitaingia kwao na uso gani?

Mzee amejibu jioni: "Asante, binti yangu. Lakini hata huku Bisil tunaoga."