Uzi Ulioitwa Mwongo

Galisia, Hispania
Mwezi wa pili, mvua haikatiki

Mama waitu,

Nakupigia magoti kutoka huku ambako hakuna anayejua kupigiwa magoti. Hapo Muleba mmeamkaje? Kifua chako kimepoa? Kahawa imezaa? Na senene, walianguka mwaka huu au mlikesha na taa zenu bure? Mimi mwili ni mzima. Wewe dada Kokushubira unayemsomea Mama, nakuomba usiruke mstari, hata ukiona nalia.

Mama, uliniuliza kama wimbo wa baba yetu, Taata, ule aliokuwa akiupiga kwa nyuzi za enanga yake jioni, utarudi pamoja nami kama nilivyokuahidi alipofariki nami sipo. Ngoja nikueleze, ila sina habari njema.

Unamkumbuka Mzee Evaristo, mtunzi wa muziki ambaye padre wetu alinikabidhi kwake nijifunze kinanda cha kanisa. Sasa amepooza upande mmoja. Mimi ndiye ninayemnawisha, ninayempikia, na ninayemgombeza akikataa supu. Ni mtoto wa mhunzi. Baba yake alikuwa akipiga zumari ya huku, yenye mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani, kwenye harusi na sikukuu za watakatifu. Mwana akapelekwa seminari, akatoka na piano badala ya upadre. Kisha akavuka bahari kwenda Amerika kama wenzake, maana hapa kila nyumba ina mtu aliyeondoka. Huko akazitunga upya nyimbo za baba yake kwa piano na fidla, matajiri wakampigia makofi hadi wakatoa machozi. Amerudi mzee. Lugha ya kwao watoto wanakatazwa shuleni, na katika kwaya iliyoimba nyimbo zake wamebaki wajane na mlevi mmoja.

Basi mimi nikajiona mjanja. Nikasema, Taata amekufa, enanga sikujifunza maana tuliambiwa ni mambo ya kipagani, lakini wimbo ninao kichwani. Nikimwimbia Mzee akauandika, hautapotea. Nikawa naimba, yeye anatafuta kwenye piano kwa ule mkono mmoja. Sauti zote zikapatikana isipokuwa moja. Unaikumbuka, Mama? Ule uzi wa tatu, wa kamba ya nyavu aliyoletewa kutoka kisiwa cha Bumbire, ambao Taata aliuita Mwongo. Ukijaribu kuukaza alikuwa anakupiga kofi mkononi: “Mwache adanganye kidogo, ndiye anayeimba!”

Piano haina Mwongo. Ina sauti iliyo juu yake kidogo na sauti iliyo chini yake kidogo, katikati hakuna kitu. Mzee akachagua ya juu. Nikajisemea, si neno, mimi naijua ilivyo. Nikaupiga hivyo kila siku, majira yote ya baridi, huku najifariji kwamba hata nikikosea, enanga yenyewe ipo, imetundikwa ukutani kwetu.

Ndipo ikaja barua ya dada. Dada, sikulaumu, uliandika kwa furaha. Eti enanga ya Taata imepelekwa kwenye kikundi cha ngoma cha kijiji cha ujamaa, na mwalimu amezikaza nyuzi zote upya zikubaliane na kinanda cha shule, hata wageni waliotoka Bukoba mjini wakasifu. Lo! Nilikaa chini palepale jikoni. Wamemnyoosha Mwongo, tena kwa vigelegele! Supu ikaungua, nisijali.

Jumapili baada ya misa nikamweleza Mzee. Hakushangaa. Akasema kwa ule mdomo wake uliopinda, “Zumari ya baba yangu nayo ilikuwa na sauti kama hiyo. Niliiandika jinsi piano ilivyotaka. Miaka yote watu wananisifu kwamba nimemhifadhi baba, na mimi sijamsikia tena.” Akafunga kifuniko cha piano. “Wewe bado kijana. Imba sasa hivi, bila hili dude. Imba kama baba yako.”

Mama, nilifumba macho. Nikamwona Taata. Nikaviona vidole vyake, nikakiona hata kibuyu cha rubisi kando yake. Nikafungua kinywa, ikatoka piano. Nikaanza upya, ikatoka piano. Mzee akanishika mkono, halafu akageukia ukutani, wala hakula siku hiyo.

Sasa sina cha kukuletea. Nikirudi, kama nitarudi, nitakuja na karatasi safi yenye wimbo wa mtu mwingine. Najua tangu msiba hujaimba, na sikulazimishi. Lakini wewe ndiye uliyekaa karibu na ile enanga kuliko sisi sote. Kama sauti ile bado unayo, siku moja ukiwa unamenya ndizi, mwimbie mtoto wa dada. Usimwimbie mwalimu. Na mtu asiiandike, nakusihi.

Nisalimie shangazi msuka mikeka, na mjomba wa Kibeta mwenye mbuzi watukutu, na katekista aliyemzika Taata, mwambie nashukuru. Mwalimu naye msalimie, hakujua.

Ni mimi mwanao, niliyenyooshwa,

Projestus