Saa Kumi na Sita Angani

3 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umetulia na cherehani haikuchoshi. Mimi ni mzima, ingawa tasnifu imeninyima usingizi. Nitaitetea tarehe kumi na mbili Juni, na tangu tuagane miaka saba iliyopita sijatamani jambo kama kukuona umeketi ukumbini siku hiyo. Najua daktari alikukataza kukaa zaidi ya saa kumi mfululizo, damu isije ikaganda tena. Nimepiga hesabu: umbali ni kilomita elfu kumi na tatu, ndege inaondoka huko saa mbili asubuhi, inatua hapa saa kumi na moja jioni ileile. Saa tisa tu. Tiketi nimekwisha kuikata.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mguu hauna neno. Cherehani ndiyo inayolalamika.

Tiketi nimeisoma mara mbili, miwani machoni. Kilomita elfu kumi na tatu kwa saa tisa, hiyo ndege inafukuzwa na nani? Nikikupigia saa nane mchana unanipigia miayo, kwako ni saa moja asubuhi. Hizo saa saba umezisahau. Umempima mteja akiwa na koti, Profesa. Tisa na saba ni kumi na sita. Usiwaambie walimu wako.

Mama yako

27 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Nimeona haya. Miaka minne nachunguza makosa ya vipimo, na hili limenipita. Huenda ni tamaa iliyonihesabia. Sina hakika na mengi, lakini shahada haina thamani ya mguu wako, sembuse uhai. Naomba usije. Nitakutumia picha.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Kimya changu kisikutie hofu, nilikuwa mazoezini.

Nilimpelekea daktari tiketi yako. Akaniambia, "Mama, ubaya si wingi wa saa, ni kukaa kama gunia." Akanipa dawa na soksi za kubana, kisha akataka kwanza nijaribu hapa nyumbani. Jumamosi niliketi kwenye cherehani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, kila saa nikiinuka kuizunguka meza ya kukatia mara kumi. Fundi viatu wa jirani akauliza kama nimepoteza sindano. Sare kumi na moja zimekwisha, wenyewe hawajazidai bado. Mguu haukuvimba. Jumatatu daktari kaukagua, akatia sahihi.

Picha kaa nazo. Nakuja.

Mama yako

13 Juni

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa chumba cha pili kwa kuwa bado umelala, na kwa kuwa mdomo wangu hautaweza haya.

Jana mtahini aliponiuliza kama nina hakika na hitimisho langu, "huenda" ilikuwa imekwisha kufika ulimini. Nikakutazama pale safu ya mbele. Nikasema, "Ndiyo, nina hakika." Hakuuliza tena.

Lugha yao huielewi hata neno. Lakini mwenyekiti alipoanza kutamka matokeo, makofi yako yalimkatiza kabla hajafika mwisho, na ukumbi mzima ukakufuata.

Mwanao, Dakta