Vifo Vyetu Vinasomwa Mbeya

Jumatatu, 3 Februari 2025

Habari nimeipata kwenye WhatsApp, nikiwa nasonga ugali. Kundi la wafanyakazi. Kuanzia tarehe mosi Machi vipindi vyote vya redio yetu vitarushwa kutoka Mbeya. Songea itabaki "kituo cha mapokezi". Mapokezi ya nini, sisi gesti? Ramson, meneja wa kanda, kaweka na vikofi vitatu chini ya ujumbe. Wenzangu wawili wa hapa nao wakajibu kwa vikofi. Wanajipendekeza tu — wataondolewa hivyohivyo na vikofi vyao.

Mimi sijajibu. Miaka kumi na tisa nasoma matangazo ya vifo, saa saba mchana. Sina kipindi kingine cha maana na sikuwahi kukitaka. Mtu akifa Mshangano, akifa Peramiho, akifa Muhukuru kule mpakani, ndugu wanakuja na karatasi. Nasoma jina lake, ukoo wake, kijiji, saa ya mazishi. Najua, siku hizi kila mtu ana simu. Lakini simu unampigia yule ambaye namba yake unayo. Redio inamwita hata yule mliyekosana naye.

Ugali umeungua. Tumekula hivyohivyo.

Jumanne, 4 Februari

Nimempigia Ramson. Kasema mama, usione kama tumekulenga wewe. Mbeya ni jiji. Wadhamini wako Mbeya, mitambo mipya iko Mbeya. Songea mnasikiliza tu, hamleti matangazo ya biashara. Nikamwuliza, na vifo? Vitasomwa, kasema, tena vizuri zaidi. Kuna binti anaitwa Recho, ana sauti nzuri sana.

Sauti nzuri. Haya.

Hivi hawa watu tumewakosea nini? Kwenye televisheni tukitajwa ni mahindi yamekosa soko au mbolea imechelewa. Wiki iliyopita upepo umeezua darasa huku kwetu, chini ya kioo wakaandika "Songea, Mbeya". Mkoa mzima wa Ruvuma wameufuta kwa mkato mmoja. Na hakuna aliyepiga simu kulalamika isipokuwa mimi, nikawekewa muziki mpaka salio likaisha.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeandika barua kwa Mkurugenzi. Siombi redio nzima. Naomba matangazo ya vifo tu yabaki Songea, nusu saa kwa siku. Nimezunguka nayo sokoni na stendi, watu wasaini.

Mama Subira, jirani yangu hapa Bombambili, kasaini huku anageuza vitumbua. Halafu akasema, lakini mwenzangu, wale wa Mbeya wamechangamka. Kumbe asubuhi anawasikiliza wao. Redio yake ndogo ilikuwa pale pale mezani, inacheka kicheko cha Mbeya.

Saini arobaini na moja. Nilitegemea mia tatu. Mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Kagera, kaniuliza kwani hiyo redio bado ipo.

Jumatatu, 10 Februari

Majaribio yameanza, wiki nzima. Mimi napokea karatasi, napiga chapa, natuma Mbeya. Recho anasoma.

Kweli ana sauti nzuri. Kasoma msiba wa mtaani kwetu: "Bomba… mbili." Katua katikati, kama mtu anayehesabu mabomba. Ofisi nzima wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikakumbuka kuna mtu amefiwa.

Alhamisi, 13 Februari

Lililotokea ni hili, niliandike kabla sijalipunguza makali.

Juzi nilituma tangazo la mwalimu mstaafu, Mwalimu Gama. Mazishi jana saa nane mchana, kijijini kwao Mbinga Mhalule. Niliandika vizuri, narudia, niliandika vizuri. Recho akaona Mbinga, akaona Mhalule, akadhani Mhalule ni jina la mtaa au la mtu. Akafupisha. Akasema "mazishi yatafanyika Mbinga". Mtu yeyote wa hapa, hata mtoto wa chekechea, anajua Mbinga ni mji wa wilaya nyingine, na Mbinga Mhalule ni kijiji chetu cha Songea Vijijini. Mtu wa Mbeya atajuaje.

Dada yake marehemu, Bi Asumpta, anakaa Peramiho. Alisikia redioni. Akachukua gari la Noah na wanawe na mashemeji, wakaenda Mbinga. Wakazunguka mji mzima wanauliza msiba wa Mwalimu Gama uko wapi. Walielekezwa kwenye msiba wa Gama mwingine. Waliingia, wakalia, kisha wakaona picha ya marehemu siye wao. Wanarudi huku, kaburi limeshafukiwa.

Leo nimeenda kuomba radhi. Nimemkuta amekaa kwenye mkeka na shati la kitenge mapajani. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia. Nikaanza kueleza: mama, aliyesoma siyo mimi, ni Mbeya. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema redio ni yako. Tangu mwaka gani tunakusikia wewe? Akasema hili shati alilisahau kwangu Krismasi, nilikuwa nampelekea avalishwe. Sasa nilifanyie nini?

Nimekaa pale nusu saa nikakunywa chai yao ya msiba, na kila mtu aliyeingia akawa anaambiwa: huyu ndiye wa redio.

Ramson nimemwambia. Kasema ni makosa ya kawaida ya kibinadamu, na ameyachukua. Ameyachukua akayapeleka wapi? Kaniagiza niandike orodha ya majina ya maeneo yote ya mkoa na namna ya kuyatamka.

Ijumaa, 14 Februari

Orodha: kurasa sita. Nimetuma. Recho kajibu "ndaga mama", asante ya kwao Mbeya, na moyo mwekundu. Siwezi hata kumchukia. Kanipigia baadaye, shikamoo mama, akalia kwenye simu kwa ajili ya Mwalimu Gama. Ana miaka ishirini na nne na anasoma matangazo ya mikoa minne peke yake, kwa dakika kumi.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya misa nimempigia Alfani wa Tunduru. Zamani alikuwa mwakilishi wetu kule, sasa ana shamba la mikorosho Nalasi. Nilimtumia barua tangu wiki iliyopita, akusanye saini za watu wa Tunduru. Nikajua hapo nitapata mia, maana Alfani anapendwa.

Kaniuliza hali, watoto, nyumbani. Halafu akasema Dada Theodosia, karatasi yako nimeiona. Sitasaini.

Nikasema Alfani, hawa wa Mbeya wanatumaliza.

Akasema nakumbuka mwaka 2016. Ofisi ya Tunduru ilipofungwa, Mkurugenzi aliuliza ushauri. Wewe ulijibu kwa maandishi. Nakala ninayo. Akaisoma, taratibu, bila hasira hata chembe: "Vifo vya Tunduru vinaweza kusomwa kutoka Songea bila tatizo lolote."

Nilikuwa nimeshasahau. Wallahi — naapa na mimi kwa kiapo chake — nilikuwa nimesahau kabisa.

Akaendelea. Nalasi ziko mbili, dada, ya Mashariki na ya Magharibi. Wewe miaka tisa unasoma Nalasi, basi. Unajua wangapi wamekosa maziko? Na habari zetu nyingine mlizosoma ni zipi? Tembo kaua mtu, korosho, mawe ya machimbo. Sisi kwenu tulikuwa tunakufa, na tembo. Leo ndiyo mmejua inavyouma.

Nikamwuliza mbona hukuwahi kuniambia. Akasema nilikwambia. Nilikwambia mara mbili, ukasema nikuandikie orodha ya majina.

Akaniombea kheri, akakata simu. Orodha yake sijui niliiweka wapi. Nimepekua makabati mawili leo jioni, sijaiona. Nina aibu ambayo sijui pa kuiweka.

Alhamisi, 20 Februari

Mkurugenzi kajibu barua. Sentensi moja: wamepokea, wanathamini maoni.

Jumatano, 26 Februari

Wamekuja! Gari mbili kutoka Mbeya, Ramson, Recho, watu wa kamera wa televisheni. Kesho ni kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji. Kila mwaka ikifika siku hii Songea inaonekana. Siku mbili tunakuwa na historia, wageni, vyumba vya gesti vimejaa. Halafu wanakunja nyaya zao.

Niliwapeleka Ruhuwiko, nikawapeleka Lizaboni sokoni. Nikawaambia piga picha hapa, ona vijana wanaunda mashine za kukoboa, ona mama huyu ana kiwanda cha asali. Mpiga kamera akaniuliza kwa adabu kabisa, mama, hakuna mzee mwenye ngao?

Jioni nimewatafutia mzee mwenye ngao. Ndiyo kazi yangu sasa.

Alhamisi, 27 Februari

Dakika tatu kwenye taarifa ya saa mbili. Ngao, ngoma, mahindi. Aliyeripoti kamaliza kwa kusema "kutoka Nyanda za Juu Kusini". Songea hakuitaja mwishoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake wakati anarekodi.

Ijumaa, 28 Februari

Mafundi wameing'oa mitambo. Wameacha meza, kiti, na maikrofoni moja ya zamani, maana Mbeya hawana kazi nayo. Waya wake umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

Ramson kanikabidhi mkataba mpya: Mwakilishi, Kituo cha Mapokezi. Mshahara nusu. Kuna aya inasema nakubali kuwa huduma kwa wasikilizaji wa Ruvuma haitaathirika. Nimesoma aya hiyo mara nne. Nimesaini. Nina watoto wawili shuleni, na mtu wa miaka arobaini na tisa nani atamwajiri? Ramson akasema hongera.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika haya ofisini. Saa saba na robo mchana.

Saa tatu asubuhi kaja mzee mmoja, Mzee Daimu, mtu wa Tunduru aliyehamia Bombambili miaka mingi. Kofia mkononi. Mke wake, Bi Zabibu, Mwenyezi Mungu kamchukua alfajiri. Maziko ni leo leo, baada ya alasiri, makaburi ya hapa hapa mjini. Kasema marehemu alikuwa amejiandaa kabisa kwa mfungo, hata tende alishanunua. Kaka zake marehemu wako vijijini Namtumbo. Namba zao hana — waligombana na dada yao muda mrefu, mambo ya shamba. Lakini redio wanasikiliza. Wakisikia watakuja, alisema. Kwa hili watakuja.

Nikapiga chapa, nikatuma Mbeya saa tatu na dakika ishirini. Nikaandika HARAKA. Majibu: "Matangazo ya Ruvuma sasa ni saa mbili usiku." Nikapiga kwa Ramson, hapokei. Nikapiga kwa Recho. Kasema mama, ratiba inaendeshwa na kompyuta, mimi mwenyewe siwezi kuingiza kitu, nisamehe. Saa mbili usiku! Bi Zabibu atakuwa kaburini tangu alasiri.

Ikikaribia saa saba nilitoka nimwambie. Mzee alikuwa kwenye benchi, kainama. Nikasema mzee… Akasema binti, nisomee kwanza nisikie kama majina nimeyataja sawa. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote: kabla ya kusoma hewani nawasomea ndugu, wasahihishe. Anajua, alishakuja hapa wakati wa msiba wa mwanawe. Akatangulia mwenyewe studio. Mlango ulikuwa wazi.

Nami nikaingia. Nikakaa kwenye kiti changu, na maikrofoni ile mbele yangu, kwa mazoea tu, nasema kweli ni mazoea tu. Nikasoma. Ukoo wa Daimu wa Bombambili unasikitika kutangaza. Nikataja kaka zake watatu kwa majina, na kijiji, na kitongoji. Nikataja saa. Sikukosea hata herufi moja. Nilisoma kama sijawahi kusoma tangu nianze kazi hii.

Nilipomaliza Mzee Daimu alikuwa anafuta macho kwa kofia. Akasema ahsante sana, mwanangu. Sauti ni ile ile. Wamesikia.

Hapo nilipaswa kufungua mdomo, nimwambie hatukuwa hewani. Nilikuwa na muda. Alichukua muda mrefu kuinuka, nikamshika mkono mpaka nje.

Sasa amekaa kwenye benchi, anasubiri bodaboda. Dirisha liko wazi, anaongea na simu na watu wa nyumbani. Anasema imeshasomwa, nimesikia kwa masikio yangu. Anasema mwambieni shehe asubiri, msizike mpaka kaka zake wafike. Wako njiani.