Kumbukumbu ya Ndalahwa Mihayo, Mpiga Mnada wa Sadaka

Shikamoo Baba. Mwaka umetimia tangu utuache, na nyumba yako hapa Mkuyuni bado haijazoea. Mimi Gladness ndiye ninayeandika kwa niaba ya wenzangu. Ndugu yangu Nestory anasema yeye maneno hayawezi, jambo ambalo wewe na mimi tunajua si kweli, ila tumwache.

Watu wengi walikujua kama fundi baiskeli. Wauza maziwa na wachuuzi wa samaki walijua pia kwamba hukuwahi kumwacha mtu alale njiani kwa sababu ya baiskeli. Kifaa kikikosekana ulikifungua kwenye baiskeli yako mwenyewe. Leo pedeli, kesho mnyororo, keshokutwa gurudumu la nyuma, mpaka ikabaki fremu tupu imeegemea ukuta, na fundi wa mtaa mzima akawa anakwenda kanisani kwa miguu. "Mganga hajigangi," Mama alikutania. Ukamjibu, "Dorotea, yule ana samaki kwenye tenga, wataoza. Mimi naoza wapi?"

Lakini sifa yako kubwa ilikuwa ya Jumapili. Ibada ikielekea mwisho, wasio na fedha huleta sadaka ya walicho nacho: kuku, ndizi, mayai, mafungu ya mchicha. Vitu hivyo hunadiwa mle mle kanisani kabla watu hawajatawanyika, na anayenunua, akipenda, humtaja mtu wa kumzawadia. Aliyetajwa huja mbele kupokea, na akina mama hupiga vigelegele. Wewe ndiye uliyekuwa mpiga mnada wetu miaka yote, na sauti yako ilifika hadi sokoni. Hata wasiosali kwetu walikuja kusimama madirishani ili wakusikie.

Ulikuwa na ujanja wako. Kitu kizuri, tuseme jogoo mnene, ulikiuza upesi ukamaliza. Kitu kinyonge ndicho ulichokipigia kelele. Tunakumbuka Jumapili ile Bibi Odeta, yule mjane wa Mabatini, alipoleta yai moja tu, amelifunga kwenye pindo la kanga. Watu wakaanza kutazama pembeni. Wewe ukalipokea kwa mikono miwili, ukaliinua juu. "Jamani, mnaona yai? Mimi naona kuku! Naona vifaranga! Naona banda zima! Nani ananipa bei ya banda?" Watu wakacheka, wakaanza kushindana, na yai lile likauzwa ghali kuliko jogoo. Bibi Odeta alitoka kanisani siku ile akitembea kama mwenye ng'ombe.

Na asipotokea mnunuzi, ulinunua wewe. Vilivyo vizuri uligawa, vilivyokataliwa vikaja nyumbani, ndiyo maana sisi tumekula mapapai mengi yaliyobonyea kuliko familia yoyote ya Mwanza. "Mume wangu, matembele tena?" Mama aliuliza. "Ni matembele ya Bwana hayo," ulimjibu, ukaomba chumvi.

Hukuwa mtu wa kuhubiri. Nestory alipokuuliza kwa nini unajitesa na vitu vya watu, uliendelea kuziba pancha, kisha ukasema, "Tunachokula kinaishia hapa hapa, mwanangu. Tulichotoa ndicho tutakachokikuta." Ukampa pampu ajaze upepo. Tulidhani ni maneno ya kufupisha mazungumzo, kumbe ndivyo ulivyoishi kila siku, na sasa tunakuonea fahari hata hatujui tuiweke wapi.

Sasa tukupe habari za Mama, maana najua ndizo unazozitaka.

Tangu tukuzike, hakukaa mnadani hata mara moja. Malimi, mzee wa kanisa aliyeshika nafasi yako, akianza tu kuita watu, Mama hunyanyuka, hutokea mlango wa pembeni, akarudi nyumbani. Na nyumbani alikuwa amenyamaza. Mwanamke aliyekutania kutwa nzima akawa anajibu kwa kichwa, anamega ugali mara mbili tatu anasukuma sahani. Majirani walisema atazoea. Sisi tulimwona anavyokwisha, Baba, na tuliogopa kwamba tutazika wawili.

Jumapili iliyopita alikuwa ameshafika mlangoni Malimi alipotangaza fungu la michembe. Jinsi ulivyopenda michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ukichemshiwa pamoja na karanga, hakuna wa kusimuliwa. Hii ilikuwa na vumbi, tena kidogo, na hakuna aliyetaja bei. Malimi akaita tena. Tukamwona Mama amesimama, mkono uko kwenye kitasa.

"Naichukua mimi," akasema, bila kugeuka.

Malimi alishtuka mpaka akasahau kupandisha bei. "Asante sana, mama yetu. Ni ya kwako, au kuna unayemzawadia?"

"Namzawadia mume wangu."

Kwa utaratibu wetu aliyetajwa ndiye anayekuja kupokea, na Malimi alibaki na michembe mikononi, anatazama huku na huku kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Nestory aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, unanijua.

Ndipo Bibi Odeta akainuka, akaigonga chini fimbo yake.

"We Malimi, lete hapa. Nitampelekea mimi. Humu ndani mimi ndiye ninayeondoka karibuni."

Watu hawakujua kama inafaa kucheka. Tukasikia mtu anacheka kule mlangoni, na alikuwa Mama. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtoka, na kanisa lote likamfuata, mchungaji naye. Alipopata pumzi alikuja mbele akamshika bibi mkono. "Mama, huwezi kusafiri na njaa," akamwambia. "Twende nyumbani kwanza nikakuchemshie."

Wakaenda polepole, wameshikana, sisi tunawafuata nyuma kama wapambe. Bibi alikaa kwenye kiti chako, hakuomba ruhusa. Mama alibandika michembe yote kwa karanga, akaipika mpaka ikalainika kabisa, kwa sababu meno ya bibi yameshakwenda. Akapakua sahani mbili, akala yake mbele yetu mpaka akaimaliza. Walikuteta hadi jioni. Tulisikia vituko vyako ambavyo ulituficha miaka yote, na kuna kimoja cha mbuzi ambacho utatueleza vizuri tukionana.

Kwa hiyo, Baba, usiingoje ile zawadi. Bibi Odeta ameila yote, na kwa sasa anasema hana haraka ya kuondoka. Jumapili hii anakuja kula tena. Mama ameshaloweka karanga.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo Dorotea, wanao Nestory na Gladness, mkweo Jonathan, wajukuu zako Precious na Ndalahwa mdogo, ambaye amerithi sauti yako na majirani wanalalamika, dada yako Teodora wa Kigongo, waumini wenzako wote, na kila mchuuzi anayepita Mkuyuni leo akikanyaga pedeli iliyokuwa yako.

Tunamshukuru Mungu aliyetupa wewe. Hutatutoka moyoni, Baba, hadi siku tutakapokukuta.