Jiwe Ulilolisalimu

Dada Nyamizi,

Hukubatizwa. Naanza na hilo kwa sababu mkono wangu unachoka haraka, nami sitaki uniishie kabla sijaliandika. Watu wote hapa Ushirombo wanajua kwamba nilikubatiza asubuhi ile uliyofariki, na msalaba wa kaburi lako umeandikwa Maria. Si kweli. Jina hilo nililichagua mimi, na padre aliniamini kwa kuwa nilikuwa katekista wake.

Kesho padre anakuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Sitaki alisikie kabla sijakwambia wewe.

Habari za hapa ni chache. Sukari imeadimika katika duka la ushirika, tunakunywa uji wa chumvi. Ungecheka, maana siku zote ulisema sukari ni ugonjwa wa walimu. Ng'ombe wako mwekundu amezaa tena. Kule tulikokaa kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, nasikia wamelima pamba mpaka kwenye lile jiwe lako. Hawakulivunja. Wamelizunguka.

Unakumbuka lilivyotugombanisha. Nilikuwa nimerudi kutoka seminari, nimejaa vitabu, nikakukuta asubuhi unapuliza kwa mdomo maji ya unga wa mtama kuelekea jua linakochomoza, kama wazee wetu walivyosali. Kisha ukaligeukia jiwe, ukalisalimu kama unavyomsalimu jirani: "Mwangaluka." Nikakukemea, mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni baada ya mama kufa. Hukukasirika. Uliniuliza tu huyo Mungu wangu yuko wapi. Nikajibu kama tulivyofundishwa, kwamba yuko mahali pote. Hata katika jiwe? Nikasema ndiyo. "Basi ulitaka nimpite bila salamu, kama mtu asiyelelewa?"

Nilikaa nikakufafanulia. Mungu yumo katika jiwe kwa uwezo wake, analijua, analishika lisipotee. Lakini jiwe si Mungu, kama vile mfinyanzi si chungu. Ulinisikiliza huku ukipepeta mtama. Kisha ukasema mfinyanzi akimaliza chungu huenda zake kulala. "Wako haendi. Sasa nionyeshe, Mwalimu, sehemu ya jiwe ambayo yeye hayumo. Nitaiacha hiyo, nisalimu iliyobaki." Uliniita Mwalimu kila ulipotaka kunichapa.

Nami nilikuwa na fimbo yangu. Kama vyote ni Mungu, nilikwambia, basi hata fisi aliyekula ndama wako ni Mungu. "Fisi simpendi," ukasema. "Lakini nikimtoa fisi, kesho nitamtoa nani?"

Tungeendelea hivyo tukicheka mpaka uzeeni, kama si Shija. Kitindamimba wako alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, likamwangukia. Tukiwa msibani, umekaa mkekani hujala tangu jana yake, nilikuinamia nikakuuliza kwa sauti ya chini: "Na udongo ule, dada, nao ni Mungu?"

Nimejaribu kujiambia kwamba nilitaka kujua. Nilitaka kushinda.

Matanga yalipokwisha na ndugu kutawanyika, ulikuja kwangu, ukasimama mlangoni, ukakataa kigoda. Ukasema umelifikiri swali langu. "Na wako alikuwa wapi? Nje ya shimo, anatazama? Wangu alikuwa kwenye udongo, na alikuwa kwenye pumzi ya mwisho ya mwanangu. Sijui kwa nini alijifanyia hivyo. Lakini Shija hakuwa peke yake."

Nilitaka kukwambia kwamba wangu pia alikuwamo shimoni. Hapo nikaona kwamba nikisema hivyo, tofauti itakayobaki kati yetu itakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikakuacha uondoke. Tangu siku hiyo, kila nilipowafundisha watoto kwamba Mungu yuko mahali pote, nilikuona umesimama mlangoni.

Nimelifikiri hadi leo. Bado naamini jiwe si Mungu. Likisagwa kuwa kokoto, yeye hapungui. Lakini siwezi kukuonyesha linapoishia jiwe na anapoanzia yeye, na mtu asiyeweza kuonyesha mpaka hana haki ya kumshtaki jirani kwamba ameuvuka.

Sasa asubuhi ile. Mvua ilikuwa imejaza mbuga, padre hakuweza kuvuka, na katika hatari ya kifo katekista anaruhusiwa kubatiza. Nilikuja na maji katika kikombe cha bati. Hukukataa, hukukubali. Ulisema, "Mimina, kama yatakupa usingizi. Lakini kwanza nipulizie jua. Mdomo wangu umekauka." Nikaenda jikoni kuchukua unga, nikautia kikombeni. Mlango wako ulitazama mashariki. Niliyapuliza maji yote, nikamtaja Liwelelo, jina ambalo wazee wetu walimwita Mungu. Kikombe kikabaki kitupu. Padre alipofika nikamwambia nimekubatiza, nikaongeza na jina.

Kesho nitamweleza yote. Nitamwomba msalaba ubaki, ila uandikwe Nyamizi. Akiona huwezi kukaa katika makaburi ya kanisa, nimeshawaagiza watoto wanilaze nawe popote watakapokupeleka. Nadhani karibu na jiwe patafaa. Nakuahidi hilo, na sijakuahidi mengi. Pumzika, dada. Nikifika usiniite Mwalimu.

Limebaki moja. Miaka yote hii nimejiambia kwamba nilipuliza yale maji ili kumridhisha mgonjwa. Lakini niliporudi na unga kutoka jikoni, ulikuwa umekwisha kukata roho. Hapakuwa na mtu wa kuridhishwa. Nilisimama mlangoni mwako peke yangu, jua likichomoza, nikapuliza, na nilikuwa ninasali.

Mdogo wako