Mume Wangu Hataki Kuizima Mashine ya Mama Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimefika mwisho na sina wa kumwambia. Mimi na mume wangu tunatengeneza sabuni nyuma ya nyumba, na mashine ya kukatia aliachiwa na marehemu mama yake, ambaye mume wangu alimuuguza mwenyewe mpaka mwisho, basi anaipenda utadhani mama yumo ndani, kila asubuhi anaifuta, anaisalimia, "Shikamoo mama, leo tukaze," nami nacheka lakini moyo unaniuma, maana mashine imechoka, ikianza inakata vizuri, ikishapata moto kisu kinalegea na sabuni zinatoka zimepinda, na anayezipanga sabuni ni mimi, kwa hiyo zilizopinda nazitupia haraka kwenye ndoo chini ya meza kabla hajageuka, jioni naziyeyusha upya, naye anaona zilizonyooka tu, anatamba, "Unaona? Mama hajawahi kuniangusha," halafu anapokea oda juu ya oda. Nikisema tuisimamishe fundi aiangalie, anajibu tumalize kwanza oda hii, na oda haziishi. Juzi sabuni ilikwama, akaingiza mkono bila kuzima, kisu kikamchana ukucha, akanyonya kidole huku anacheka, mimi nikaenda kulia stoo. Nimwambieje bila kumvunja moyo?

Mpanga Sabuni

Pole sana, mwanangu. Mapenzi yako nayaona, ila hapa umechemsha. Mumeo si mkaidi, mumeo hajui! Ataanzaje kuitengeneza mashine ambayo machoni pake haijakosea hata mara moja? Wewe ndiye unayeisitiri.

Kesho ndoo itoe nje. Zilizopinda zipange mezani kando ya zilizonyooka, azione zinavyoongezeka. Zikianza tu kupinda, izimeni mashine, kisu kikazwe, mafuta yatiwe, ndipo muendelee. Na mkipokea oda, muda wa kuipumzisha muuweke humo humo tangu mwanzo, msingoje oda ziishe. Msiniambie mtachelewa, kwani hizo jioni zako za kuyeyusha upya kazi iliyokwisha kufanywa, na kuni zake, ni za bure? Na mkono hauingii mashine ikiwa inazunguka. Hilo sitaki kulisikia tena.

Ama kumvunja moyo, acha hofu. Umeniambia alimuuguza mama yake mwenyewe. Sasa wewe siku zote hizi umemficha kwamba mama anaumwa. Mwambie, mwanangu, atajua la kufanya.